Jedwali na Jicho: Jinsi Shule za Sekondari za Marekani Zilivyofundisha Kuandika Ripoti ya Mechi

Anayedhani ripoti ya mechi ni maandishi mepesi, aombwe aandike ripoti ya mechi ambayo wasomaji wake wote waliitazama. Huo ndio mtihani wa mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani tangu magazeti ya shule yalipoanza kuwa na ukurasa wa michezo. Mechi inachezwa Ijumaa usiku, wazazi na wanafunzi wamejaa majukwaani, na matokeo yanajulikana kabla taa za uwanja hazijazimwa. Gazeti la shule linatoka wiki mbili baadaye, pengine mwezi. Mwandishi, kijana wa miaka kumi na sita, hana jipya la kumwambia mtu kuhusu nani ameshinda. Tena Jumatatu asubuhi atakaa darasa moja na yule kipa aliyeuachia mpira ukampita katikati ya miguu.

Sasa aandike nini? Walimu wa Marekani wamelijibu swali hilo kwa namna mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia moja, na historia ya majibu yao ndiyo tunayoifuatilia hapa. Tunaifuatilia kwa sababu inatuhusu. Wengi wetu katika klabu hii tulisoma sekondari hapahapa Marekani, baadhi tukiwa tumetoka moja kwa moja Nairobi, Bukavu au kambini, na Kiingereza chetu cha kuandika kilinolewa na gazeti la shule kuliko insha za fasihi. Pia kazi hii siku hizi imeanza kukabidhiwa mashine, na ni vizuri kujua ilikuwa ikimfundisha kijana nini kabla hatujaiaga.

Tuanze na jedwali, maana ndilo lililotangulia. Henry Chadwick alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, na familia yake ikahamia Brooklyn angali mtoto. Alianza kwa kuripoti kriketi, kisha akanaswa na besiboli. Kutoka kwenye kriketi alichukua desturi ya kupanga hesabu za kila mchezaji kwa safu na mistari, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 akaiendeleza hadi ikawa kile kisanduku cha takwimu ambacho magazeti ya Marekani yanakichapisha mpaka leo. Ile herufi K ambayo mashabiki wa besiboli huitundika ukutani kila mpigaji anapotolewa baada ya kukosa mara tatu, ni kazi yake. Kaka yake wa baba mmoja, Edwin, aliyemzidi miaka 24, ni yule mwanamageuzi wa London aliyepigania mifereji na maji safi akiwa na takwimu mkononi. Yaelekea imani kwamba namba zinaweza kunyoosha tabia za watu ilikuwa ya ukoo mzima.

Kwa mwalimu, jedwali lina fadhila moja kubwa: halibembelezeki. Katika besiboli linaweza kuhakikiwa kama hesabu za duka. Jumla ya zamu za wapigaji wa timu lazima ilingane na jumla ya waliofunga pointi, walioachwa kwenye besi na waliotolewa. Isipolingana, basi kuna kitu mwanafunzi hakukiona, au amekibuni. Katika mpira wa kikapu pointi za wachezaji mmoja mmoja zikijumlishwa lazima zifikie pointi za timu. Mwanafunzi anayejaza daftari la mechi kwa mkono hujifunza mapema kwamba kugeuka kuzungumza na mwenzake kwa sekunde kumi ni kupoteza bao. Hapa ndipo tunapowatetea walimu wa zamani dhidi ya wale wanaodharau daftari: kijana ambaye hajawahi kujaza jedwali lake mwenyewe huandika mechi aliyosimuliwa, hata kama alikuwapo uwanjani.

Lakini jedwali lina upofu wake. Linajua kwamba goli liliingia dakika ya 70, ila halijui kwamba beki aliyekuwa amkabe mfungaji alikuwa akichechemea tangu dakika ya 60, na kwamba kocha alimwona akamwacha.

Mafunzo rasmi ya uandishi yaliingia shuleni kutoka juu. Joseph Pulitzer aliponunua gazeti la World la New York mwaka 1883 alianzisha dawati la michezo lenye mhariri wake, na magazeti mengine yakafuata. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Missouri kikafungua shule ya uandishi wa habari. Haikuchukua muda vyuo vikuu vikaanza kuwaangalia wadogo zao wa sekondari. Mwaka 1921 chama cha kitaifa cha magazeti ya shule kilizaliwa. Mwaka 1925 Columbia, New York, ikawa na chake. Na mwaka 1926 kijana mmoja wa Iowa aliyeitwa George Gallup, ndiye huyo wa kura za maoni, alianzisha chama cha kuwatuza waandishi wa sekondari kilichoitwa Quill and Scroll. Vyama hivi viliendesha mashindano na kuyapima magazeti ya shule. Mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa amepewa gazeti kama mzigo wa ziada sasa alikuwa na mtu wa nje wa kumwambia kama kazi yake inafaa.

(Sisi Waswahili tusilione jambo hili kuwa la kigeni. Msimulizi, gazeti lililotangulia mengine yote ya Kiswahili, lilichapishwa kuanzia mwaka 1888 katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Na wanafunzi wa Kiungani ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza kucheza kandanda kisiwani humo. Uchapaji wetu na mpira wetu vilikua katika ua mmoja.)

Mfano unaojulikana zaidi wa darasa la aina hii uko Oak Park, kitongoji cha Chicago, kabla hata ya vyama hivyo kuundwa. Mwalimu Fannie Biggs aliendesha darasa lake la uandishi kana kwamba ni chumba cha habari: wanafunzi walipewa majukumu kama waandishi, na walichokiandika kilijadiliwa na wenzao. Mmoja wao alikuwa Ernest Hemingway. Mwaka 1916 na 1917 aliliandikia gazeti la shule, Trapeze, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa habari za michezo. Mwenyewe alicheza futiboli ya Kimarekani na aliogelea katika timu ya shule, kwa hiyo alikuwa anawaandika wenzake wa chumba cha kubadilishia nguo.

Ukizitazama ripoti hizo leo kwa kutafuta fikra za mshindi wa Nobeli utavunjika moyo. Ni kijana anayeiga. Shujaa wake alikuwa Ring Lardner, aliyekuwa na safu ya michezo yenye mzaha katika Chicago Tribune, na Hemingway alimwiga waziwazi hadi akajiita mtoto wa Lardner katika baadhi ya makala zake. Kwa maoni yetu mwalimu Biggs alifanya vyema kumwachia. Kuiga kulimfundisha kwamba ripoti ya mechi ina sauti ya mtu ndani yake, na kwamba mwandishi anaweza kuwa uwanjani bila kujifanya spika ya uwanja. Oktoba 1917 alipoajiriwa na Kansas City Star, alikabidhiwa karatasi ya kanuni zaidi ya 100 iliyodai sentensi fupi, aya fupi ya kufungulia habari, na Kiingereza chenye nguvu. Kanuni hizo zinasifiwa sana na wanaoandika maisha yake. Sisi tunaona zilimkuta mtu ambaye tayari alikuwa ametumia majira kadhaa kutafuta kitenzi kinachofaa kwa mtu anayepiga maji kwa mkono mmoja.

Kisha ikaja mwaka 1924, na kazi ya walimu ikawa ngumu zaidi. Tarehe 18 Oktoba, Notre Dame iliifunga Army 13 kwa 7 katika uwanja wa Polo Grounds, New York. Grantland Rice wa Herald Tribune aliifungua ripoti yake kwa mbingu ya Oktoba na kuwafananisha wachezaji wanne wa nyuma wa Notre Dame na wapanda farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo. Pengine hakuna ufunguzi wa ripoti ya mechi uliokaririwa zaidi Marekani. Wanne hao walipigwa picha juu ya farasi na jina likawaganda maisha yao yote. Rice alikuwa fundi, hilo hatulipingi. Tatizo ni watoto aliowaacha. Kila kijana mwenye kalamu akataka mbingu yake, na mechi ya timu za akiba zenye watazamaji arobaini ikageuka vita vya kiama.

Vitabu vya kiada vya uandishi wa sekondari vimekuwa vikiupiga vita ugonjwa huo tangu wakati huo. Orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku ni desturi ya karibu kila darasa: timu "kuangamiza" nyingine, mchezaji "kutoa asilimia 110", ushindi wa "moyo". Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, kwa kuwa nasi tuna ghala letu. Timu zetu hazichezi, humenyana. Hazishindi, huibuka na ushindi mnono. Mshambuliaji hafungi, anazitikisa nyavu, tena katika dakika za lala salama. Hatusemi maneno haya hayana utamu. Mtangazaji wa redio anayahitaji kwa sababu anakimbizana na mpira na msikilizaji haoni. Mwandishi mwenye siku kumi za kufikiri hana kisingizio hicho. Akiandika kwamba nyavu zilitikiswa, hatujui kama mpira ulipigwa kwa kichwa, kwa goti au kwa bahati.

Katika darasa la sasa, mwalimu mzuri humtuma mwanafunzi uwanjani na masharti machache. Afike nusu saa kabla, aandike majina na namba za jezi na kuzihakiki na kocha, za timu zote mbili. Aandike saa ya kila tukio. Asivae rangi za shule akiwa kazini wala asishangilie, sharti ambalo kwa kijana wa Kimarekani ni zito kuliko yote. Mechi ikiisha azungumze pia na walioshindwa. Na asiulize "unajisikiaje?", kwa maana jibu lake linajulikana ulimwengu mzima. Aulize kitu alichokiona: "Dakika ya 60 ulibadilishana nafasi na beki wa kushoto. Nani aliamua?" Swali la namna hiyo linamwambia mchezaji kwamba kuna mtu alikuwa anatazama, na mara nyingi hapo ndipo anapoanza kusema kweli.

Akirudi, hufundishwa kuacha mpangilio wa saa. Wanaoanza huandika mechi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kama mtoto anayesimulia filamu. Mwalimu humwomba atafute mahali mechi ilipogeukia na aanzie hapo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anaandika: "Ijumaa iliyopita timu yetu ilicheza na majirani zetu na kufungwa 2 kwa 1 katika mchezo mkali." Baada ya kutumwa tena kwenye daftari lake anaandika: "Goli la pili la majirani lilitokana na kona ambayo timu yetu ilidhani ni mpira wa kurusha. Watu wanne walikuwa wamempa mpigaji mgongo, wakibishana na mshika kibendera." Matokeo ni yaleyale, lakini sasa hata aliyekuwapo ana la kusoma.

Jambo lililo zito zaidi katika historia hii ni nani aliandikwa na nani hakuandikwa. Wendell Smith alizaliwa Detroit mwaka 1914 na alikuwa mrushaji hodari wa besiboli katika shule yake ya sekondari. Siku moja, akiwa kijana, alirusha mechi nzima bila kuruhusu pointi hata moja. Msaka vipaji aliyekuwapo akamsajili mrushaji wa timu iliyofungwa, kwa sababu alikuwa mzungu, na Smith akaambiwa wazi kwamba angekuwa mweupe angesajiliwa yeye. Jedwali la mechi hiyo lilikuwa upande wake lote. Halikumsaidia. Alikwenda West Virginia State, chuo cha Weusi, akaandika habari za michezo katika gazeti la wanafunzi, na mwaka 1937 akajiunga na Pittsburgh Courier. Ni yeye aliyempendekeza Jackie Robinson kwa Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers, na Robinson alipovunja mwiko wa rangi tarehe 15 Aprili 1947, Smith alikuwa akisafiri naye na kuandika. Magazeti makubwa yalikuwa na waandishi wengi wenye kalamu nzuri kuliko yake. Wachache sana kati yao walikwenda kutazama mechi za Weusi.

Wasichana nao walisubiri. Mwaka wa masomo 1971–72 wasichana waliokuwa katika timu za sekondari nchini Marekani walihesabiwa kuwa 294,015, wavulana wakiwa zaidi ya milioni 3.6. Mwaka 1972 sheria iitwayo Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na kufikia 2018–19 wasichana walikuwa zaidi ya milioni 3.4. Sheria haikumlazimisha mhariri yeyote kuwapa nafasi gazetini. Zoezi moja ambalo walimu hulipenda ni kuchukua rula na kupima sentimita za safu walizopewa wavulana na wasichana katika toleo lililopita. Ni jedwali la Chadwick limegeuzwa kumpima mwandishi mwenyewe.

Na kuna majina. Mmoja wetu alicheza sekondari miaka mitatu, na jina lake la Kikongo likaandikwa kwa namna nne tofauti katika gazeti la mtaa, moja ya hizo likiwa jina la mtu mwingine kabisa. Ana vipande vyote kwenye bahasha. Mama yake huvionyesha wageni, akikiruka hicho kimoja.

Kuandika kweli shuleni kuna mipaka yake ya kisheria pia, na kwa hili tupite haraka. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema, katika shauri la Tinker, kwamba mwanafunzi haachi haki yake ya kusema nje ya lango la shule. Mwaka 1988, katika shauri la Hazelwood lililotoka Missouri, ikawapa wakuu wa shule mamlaka mapana ya kuzuia makala katika gazeti linaloendeshwa kama sehemu ya masomo. Shauri hilo lilihusu kurasa za mimba na talaka, wala halikuhusu michezo. Lakini lilifika hadi ukurasa wa michezo, kwa sababu katika miji mingi kocha wa futiboli ni mtu mzito kuliko mkuu wa shule. Majimbo kadhaa, Massachusetts, Iowa na Kansas yakiwa ya mapema, yalitunga sheria za kuwalinda wanafunzi. Kwingineko, kijana anayeandika kwamba mchezaji alirudishwa uwanjani baada ya kugongwa kichwa bado anahitaji mwalimu jasiri kuliko kanuni.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 2009 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, walitengeneza programu iliyochukua takwimu za mechi ya besiboli na kutoa ripoti nzima. Waliiita StatsMonkey. Ilikuwa kama ndoto ya Chadwick kutimia, jedwali linajiandika lenyewe. Wakati huohuo magazeti ya mitaa, yaliyokuwa yakiwatuma watu kwenye viwanja vya shule, yalikuwa yanakufa: zaidi ya theluthi moja ya yaliyokuwapo mwaka 2005 hayapo tena. Agosti 2023 kampuni ya Gannett, iliyokuwa na magazeti mengi kuliko nyingine yoyote nchini, ilisimamisha jaribio la kuandika mechi za sekondari kwa akili bandia. Ripoti ya mechi moja ya soka katika gazeti la Columbus, Ohio, ilikuwa imechapishwa na mabano ya programu mahali palipopaswa kuwa na majina ya utani ya timu. Watu walicheka sana. Mabano yanarekebishika kwa siku moja, na hatudhani ndiyo yaliyokuwa kasoro yenyewe. Ripoti zile hazikuwa na jina la mchezaji aliyesema chochote, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Fikiria mashine hiyo ingepewa matokeo haya: Novemba 2015, fainali ya soka ya wavulana ya jimbo la Maine, Lewiston 1, Scarborough 0. Ingeandika kwamba Lewiston imemaliza msimu bila kufungwa, na ingekuwa imesema kweli. Lewiston ni mji wa viwanda vya nguo vilivyofungwa, ambao kuanzia 2001 ulipokea wakimbizi wengi wa Kisomali. Mwaka 2002 meya wa mji aliwaandikia barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja. Miaka kumi na tatu baadaye watoto wa familia hizo, pamoja na wenzao wazaliwa wa Maine, waliuletea mji huo ubingwa wake wa kwanza wa jimbo katika soka.

Mwanahistoria Amy Bass, aliyeandika kitabu cha One Goal kuhusu timu hiyo mwaka 2018, anaeleza kwamba wito wa wachezaji hao walipokusanyika kwenye duara kabla ya mechi ulikuwa "Pamoja ndugu." Kiswahili, katika uwanja wa sekondari wa Maine, kutoka kwa vijana ambao wengi wao nyumbani waliongea Kisomali. Maneno hayo hayamo katika jedwali lolote. Ili yaandikwe ilibidi mtu asimame karibu na duara, ayasikie, aulize yameandikwaje na yana maana gani, kisha aulize yamefikaje hapo, aambiwe kwamba baadhi ya wachezaji walilelewa Kenya, kwenye kambi za Dadaab, kabla ya kuiona theluji.